Msimwache Willy Gamba nje ya historia ya ukombozi

Barua ya wazi kwa wasimamizi wa Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika, Taasisi ya Elimu Tanzania, Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na wachapishaji wa vitabu vya Kiswahili

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa ajili ya marehemu Aristablus Elvis Musiba, aliyefariki dunia mwaka 2010. Kwenye duru za biashara alifahamika kama kiongozi wa Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo Tanzania (TCCIA). Sisi wengine tulimjua kupitia kwa shujaa wa riwaya zake, Willy Gamba, mpelelezi wa Dar es Salaam aliyetukosesha usingizi. Kufa na Kupona kilitoka 1974, Kikosi cha Kisasi 1979, Njama 1981, Hofu 1988. Enzi hizo vitabu hivyo vilipokezanwa mabwenini hadi vikachakaa, na aliyekuwa na kimoja hakukosa marafiki.

Leo mwulizeni mwanafunzi wa kidato cha nne Willy Gamba ni nani. Wengi hawajawahi kulisikia jina hilo, na anayelisikia akavutiwa hana pa kukipata kitabu kwa urahisi. Atakachopata, akibahatika, ni nakala kuukuu kwa wauza vitabu wanaotandika chini eneo la Posta, Dar es Salaam. Ninayo moja ya Kikosi cha Kisasi iliyotoka huko. Haina jalada. Mtu fulani alichana karatasi ya daftari, akaandika jina la kitabu kwa kalamu ya bluu, akaibandika kwa gundi mahali pa jalada. Pembeni mwa kurasa yapo majina ya waliokiazima, mengine yamekatwa kwa mstari baada ya kurudisha. Kurasa za mwisho hazimo. Aliyeitunza hivyo alikuwa anajua thamani ya alichoshika, na alifanya kwa gundi na karatasi kazi ambayo ilitakiwa kufanywa na taasisi zenye bajeti.

Mapenzi ya ujanani yamo katika ombi langu, sikatai. Lakini kinachonifanya niwaandikie ninyi ni kwamba vitabu hivi ni sehemu ya mali ambayo tayari mmekabidhiwa kuitunza.

Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) iliundwa 1963, makao yake yakawa Dar es Salaam, na ikafanya kazi hadi 1994, Afrika Kusini ilipokuwa huru. Wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, PAC, SWAPO, ZANU na MPLA wote walipita katika mji huu kwa namna moja au nyingine. Maadui nao walifika. Tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa hapahapa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kama kifurushi. Wakazi wa mji waliishi wakijua kwamba mgeni aliyekaa meza ya pili hotelini anaweza kuwa mpigania uhuru, na anaweza pia kuwa jasusi wa Wareno au wa makaburu.

Huo ndio mji aliotokea Willy Gamba. Katika Kufa na Kupona, nyaraka za siri za wapigania uhuru zinaibwa Dar es Salaam, naye anatumwa Nairobi kuzifuata kabla hazijamfikia adui. Katika Kikosi cha Kisasi yuko Kinshasa, kwenye mji wenye anasa na hatari kwa pamoja, akipambana na wauaji wanaowawinda wapigania uhuru kwa niaba ya utawala wa makaburu. Angalieni na miaka yenyewe. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka uleule ambao utawala wa kidikteta wa Ureno ulianguka, Msumbiji na Angola zikiwa bado hazijapata uhuru. Kikosi cha Kisasi kilitoka mwaka ambao majeshi yetu yalikuwa Uganda, na hatima ya Rhodesia ilikuwa ikijadiliwa London. Musiba hakuwa akisimulia vita vya zamani. Aliandika wakati matokeo hayajulikani, kwa wasomaji ambao nao hawakuyajua.

Kijana wa Tabora au Songea alisikia habari za ukombozi kwenye taarifa ya habari ya Radio Tanzania na kwenye mikutano ya hadhara. Alijua msimamo wa nchi. Musiba alimpa vita hiyohiyo kwa mlango mwingine: chumba cha hoteli kilichopekuliwa, gari linalofuata nyuma bila kuwasha taa, rafiki ambaye bado haijulikani kama kweli ni rafiki. Mtu mweusi ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote chumbani, anajua miji ya Afrika, anavaa vizuri, na anaitumikia Afrika nzima. Ugenini anasaidiwa na Waafrika wenzake. Kwa kijana ambaye kwenye sinema alikuwa amezoea kumwona James Bond akiwaokoa Wazungu wenzake, hilo halikuwa jambo dogo. Naamini kabisa kwamba riwaya hizi zilifanya kazi ya siasa ya ukombozi katika vichwa vya watu ambao kamwe wasingesoma hotuba nzima ya mkutano wa OAU.

Sasa nageukia kwenu, wasimamizi wa Programu. Kazi ya kukusanya ushuhuda wa wazee, nyaraka na historia ya kambi za Kongwa, Mazimbu na Nachingwea ni kazi kubwa na naiheshimu. Lakini urithi wa ukombozi haukuwa kambini tu. Ulikuwa pia kwenye vitanda vya mabweni na kwenye viti vya treni ya Kigoma, mikononi mwa wasomaji. Mtafiti wa kesho akitaka kujua mwananchi wa kawaida aliiwazaje vita ile, aliogopa nini na alijivunia nini, riwaya za Musiba zitamwambia mambo ambayo hayamo kwenye kumbukumbu za vikao. Ziwekeni kwenye mkusanyo wenu: matoleo ya kwanza, majalada na picha zake, pamoja na mahojiano na waliozihariri, waliozipanga chapa na waliozisambaza, maana wengi wao sasa ni wazee na wengine wametangulia.

Kwenu wa Taasisi ya Elimu, najua pingamizi. Wahakiki wetu waliziweka hadithi za namna hii katika kundi la riwaya pendwa, na kwa muda mrefu kundi hilo lilihesabiwa kuwa halistahili darasa. Mapungufu yapo na sitayaficha. Wanawake wengi katika vitabu vya Musiba wamewekwa pale kwa ajili ya uzuri wao au kwa ajili ya mtego, na wachache ndio wanaopewa nafasi ya kufikiri. Willy anapona mahali ambapo binadamu wa kawaida angekufa mara tatu. Damu inamwagika kupita mahitaji ya hadithi. Haya yajadiliwe darasani waziwazi, kwa dibaji nzuri na maswali mazuri, wala yasikatwe kwenye maandishi. Na ninyi wenyewe mmekwisha kufungua mlango. Mfadhili ya Hussein Tuwa, mwandishi aliyekulia katika mkondo huohuo wa riwaya pendwa, imesomwa kidato cha tano na cha sita, na hadhi ya somo la Kiswahili haikushuka. Siombi Kufa na Kupona kiwe kitabu cha mtihani. Kikiwa kwenye orodha ya usomaji wa ziada kitawatosha vijana, na mwalimu wa Historia atakihitaji kama mwalimu wa Kiswahili.

Mwaka 2022 ilizinduliwa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya uratibu wa Taasisi yenu. Ni jambo jema sana kuwalea waandishi wapya. Sehemu ya fedha na nguvu hiyo ielekezwe pia kwenye kuchapa upya waliotangulia. Mwandishi chipukizi anayetaka kuandika hadithi ya mbio na hatari kwa Kiswahili safi, chepesi, kisichomchosha msomaji, nani amnyime shule ya Musiba?

Kwa wachapishaji, ugumu wa hakimiliki naujua. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki hudumu uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, hivyo kila kitu kinapitia kwa warithi, na ni haki yao. Nyumba kadhaa za uchapaji za miaka ile hazipo tena. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki lilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na mikataba ya waandishi wengi ikatawanyika. Kinachotakiwa ni mtu wa kukaa na familia, kukubaliana malipo ya haki, kisha kupanga chapa upya kutoka kwenye nakala kamili. Wasomaji wapo. Hadithi za kipelelezi zinazoandikwa kwa vipande na kusambazwa kwenye simu zinafuatwa kila siku na watu wanaolalamika kipande kikichelewa.

Na kwenu Bodi ya Huduma za Maktaba, ambao sheria inawapa haki ya kupokea nakala ya kila kitabu kinachochapwa nchini: tangazeni hadharani ni matoleo yapi ya Musiba mliyo nayo, ni yapi hamna, na yale mliyo nayo yako katika hali gani. Wasomaji wenye nakala nzima kabatini wataleta, mimi nikiwa mmojawapo wa watakaozitafuta. Bila orodha hiyo hakuna anayejua pa kuanzia.

Kikosi cha Kisasi kitatimiza miaka 50 mwaka 2029. Muda wa kutafuta nakala kamili, kukubaliana na warithi, kuhariri, kuchapa na kukisoma kwa sauti redioni unatosha, ikiwa mtakutana mwaka huu. Naomba mkutane.

Wenu katika kusoma,
Msomaji wa Musiba, Dar es Salaam