Huyo Samaki Hatongozi, Anaua

Kuna video mmenitumia watu kama kumi wiki hii. Tangi dogo la vioo, taa ya zambarau, samaki mmoja wa buluu anamfukuza mwingine wa kijivu kutoka kona hii hadi kona ile, na juu yake mtu ameweka wimbo wa mapenzi wa polepole. Maandishi yanasema eti wamekutana leo na tayari jamaa amezama. Mioyo myekundu imejaa hapo chini. Na mimi niko kitandani natazama nikisema, wasee, huyo wa kijivu anatafuta mlango.

Mimi si daktari wa samaki. Ni kijana wa Umoja mwenye tangi la lita 120 ndani ya bedsita, mahali wengine wangeweka kochi. Mathe alipokuja kunitembelea aliliangalia kwa muda mrefu, halafu akaniuliza kama hao ni wa kula ama ni wa nini. Lakini nina miaka minne ya kufuga na kuua bila kukusudia, kwa hivyo nikiongea hapa naongea kama mkosaji.

Kosa langu la kwanza lilikuwa neno moja: pea. Jamaa aliyeniuzia mbuna wangu wa kwanza alinishikia mfuko wa maji akaniambia, "Buda, chukua pea. Dume na jike, watazaana wenyewe." Nikabeba mfuko kwa mathree nimeukumbatia kama mtoto. Nikawamwaga kwa tangi jioni hiyo hiyo, taa zote zimewaka, jiwe moja katikati. Dume akang'aa ndani ya dakika chache. Akaanza kumfuata jike. Nikaita jirani aje aone vile wanapendana.

Siku ya tatu jike alikuwa amejibana juu kabisa, nyuma ya filta, mapezi yamekunjwa, mkia umechanika kama kitambaa cha kufutia jiko. Siku ya tano nikamkuta anaelea. Nililaumu maji, kwa sababu huku kwetu mfereji ukitoka leo unajaza mitungi yote na hujui utatoka tena lini. Nikalaumu klorini. Nikalaumu stima iliyopotea usiku. Nililaumu kila kitu isipokuwa yale "mapenzi" niliyokuwa nimemwitia jirani aje kutazama.

Sasa acha niwaambie kutongoza kwa hawa samaki kunakaaje, kwa sababu kupo, na ni kuzuri kuliko hiyo video. Dume anashika eneo lake, kwa kawaida kando ya jiwe, na anachimba shimo kwa mdomo, punje kwa punje. Rangi yake inapanda. Jike akipita, anajipanga mbele yake, anafungua mapezi yote na anatetemeka mwili mzima. Halafu anaogelea kuelekea shimoni huku akitikisa mkia, kama anayesema njoo uone. Jike aliye tayari anamfuata. Wanazunguka polepole, kichwa kwa mkia. Jike anataga mayai machache, anageuka, anayaokota mdomoni. Dume ana madoa kwenye pezi lake la chini yanayofanana na mayai. Jike akijaribu kuyaokota hayo pia, anapata mbegu, na mayai yanarutubishwa mle mle mdomoni. Baada ya hapo anayabeba karibu wiki tatu, anakula kidogo sana au hali kabisa, kidevu kimevimba kama mtu aliyeficha mandazi.

Na jike asiye tayari? Ziwani anaenda zake. Dume anamfukuza mpaka mwisho wa eneo lake, kisha anarudi kwa shimo lake kungoja mwingine. Kufukuza kwenyewe kuna mwisho, kwa sababu ziwa lina nafasi. Kwenye tangi la futi mbili, mwisho wa eneo la dume ni kioo. Jike amefika mpakani na bado yuko ndani. Dume anaona mtu ambaye hajaondoka, anafukuza tena, na tena, usiku mzima wewe ukiwa umelala.

Najua mtu atakuja kuniambia, "Lakini yangu walitaga." Sawa. Hata tangu langu la kwanza niliona wengi wakitaga. Kutaga hakumaanishi jike ana amani. Jike aliyechoshwa na kufukuzwa mara nyingi huyameza mayai yake au huyatema, halafu wewe unabaki unajiuliza kidevu kimeenda wapi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hii elimu si ya mbali. Ni ya hapa. Wale fulu wadogo waliokaushwa ambao nyanya zenu wa upande wa ziwa wanawajua vizuri ni ndugu wa hawa hawa samaki wa tangi. Ziwa Victoria lilikuwa na mamia ya aina za fulu kabla ya sangara, yaani mbuta, kuletwa miaka ya 1950 na 1960 na kufagia wengi. Kuna mmoja mwenye mgongo mwekundu anaitwa Pundamilia nyererei. Ndiyo, punda milia, Kiswahili kabisa, na Nyerere ni Mwalimu Julius mwenyewe. Jina hilo la pili alipewa 1985. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Science kuhusu fulu wa aina hiyo. Kwenye mwanga wa kawaida, jike alimchagua dume wa aina yake, kwa rangi. Walipoweka mwanga wa rangi moja unaoficha tofauti ya mwekundu na wa buluu, uchaguzi ukapotea. Ndiyo maana maji ya ziwa yakichafuka, aina zinachanganyikana na kupungua.

Yaani jike ndiye anayechagua, na anachagua kwa macho. Halafu wewe unamwekea dume mmoja tu, chini ya taa ya zambarau ndio video ipendeze, unaita hiyo ni mapenzi. Umemnyima wa kuchagua, umemnyima mwanga wa kuchagulia, umemnyima na pa kukimbilia.

Siku hizi kwangu ni dume mmoja kwa majike watano, ndio hasira zake zigawanyike. Majike wanaingia kwanza wanazoea, dume anaingia mwisho. Kila nikiongeza mgeni nahamisha mawe yote ili hata mwenyeji aanze upya kutafuta mtaa wake, na nazima taa mpaka asubuhi. Nina vigae na vyungu vya maua vilivyovunjika, vya bure kabisa, vimejaa pale ndani. Havipendezi kwa picha lakini kila mmoja ana mahali pa kupotelea. Na nina wavu wa kugawanya tangi. Wanaonana kwa siku kadhaa kabla hawajagusana. Dume akigonga wavu mchana kutwa, wavu hautoki. Mnaofuga gapi pia msijifanye hamnisikii: dume wa gapi hapumziki, na jike anayesumbuliwa kutwa anakosa hata muda wa kula.

Lakini sikuandika haya yote kwa sababu ya gapi. Niliandika kwa sababu ya maoni chini ya ile video. Vijana wa rika langu, wa mitaa hii hii, wanaandika: "Hata samaki anajua hapana ya dem si hapana." "Mwanaume ni kusukuma tu." Mamia wamependa. Mnachukua kiumbe aliyefungiwa na kioo pande nne mnamfanya mwalimu wenu wa mahusiano. Hata huyo dume mngemuuliza, kwao ziwani anajua mahali pa kugeukia.

Nilimwonyesha dada yangu nikidhani atacheka. Yeye hushukia steji jioni akitoka kazini, na kuna msee mmoja humfuata kutoka steji hadi karibu na geti akiita, karibu kila siku, mbele ya watu, na watu hucheka wakisema jamaa amependa. Aliangalia video mpaka mwisho. Akaashiria pale juu, nyuma ya filta, alipojibana yule wa kijivu, akasema, "Hapo ndipo mimi huwa. Kwa mama mboga, nyuma ya magunia ya viazi, nikingoja apite."

Siku hizi huwa naenda kumngoja steji.

Nilimwandikia mwenye video. Nikamwambia awatenganishe leo, hata kwa beseni, abadilishe maji kidogo, asiweke chakula kingi. Alinijibu, "Relax buda, ni kontenti tu." Sawa. Nimemjibu tena na nitaandika hapa pia ili aone: kama yule wa kijivu bado yuko hai, nina nafasi kwangu. Niambie ni Kayole sehemu gani, nitakuja na ndoo yangu, hata usiku.