Kiingilio cha Acropolis Kinawafungia Mlango Wanafunzi

Tangu Aprili 2025, kupanda kilima cha Acropolis mjini Athens kunagharimu yuro 30. Tiketi ya pamoja, ambayo kwa bei hiyo hiyo ilimruhusu mgeni kuingia Acropolis na maeneo mengine kadhaa ya kale kwa siku tano, imefutwa. Familia iliyoshuka kwenye meli ya kitalii haitaisikia tofauti. Mwanafunzi aliyepanga kitanda kimoja kwenye chumba cha watu wanane ataisikia.

Basi mwanafunzi huyo hujifunza kuuzunguka mji kwa njia nyingine, na ukweli ni kwamba hapotezi sana. Tiketi ya metro ya yuro 1.20 inamtosha dakika 90, na ndani ya kituo cha Syntagma anakuta makumbusho ya bure: wachimbaji walipoitengeneza reli hiyo miaka ya 1990 walikutana na makaburi, mabomba ya maji na barabara za kale, na sehemu ya vitu hivyo ikaachwa ukutani nyuma ya kioo, watu wakivipita mbio kuwahi kazini. Kituo cha Monastiraki kinaonyesha mto Eridanos ukipita chini ya mji. Kifungua kinywa ni koulouri, mkate wa duara uliopakwa ufuta, unaouzwa barabarani kwa sarafu chache. Maji ya bomba yananyweka.

Kisha anapanda Areopago. Wasomaji wa Matendo ya Mitume wanalijua jina hilo: hapo ndipo Paulo anapoelezwa kusimama mbele ya Waathene na kuwazungumzia habari za Mungu wasiyemjua. Mwamba umelainishwa na nyayo za karne nyingi hadi unateleza hata bila mvua, kwa hiyo viatu vizuri vina faida kuliko kitabu cha mwongozo. Hakuna anayedai senti.

Mbele kidogo kuna kilima cha Pnyx, nacho hakina kiingilio. Wananchi wa Athens walikutana hapo kupiga kura juu ya vita, kodi na sheria, na baadhi ya maamuzi hayakupita mpaka watimie watu 6,000. Jukwaa la msemaji, lililochongwa kwenye mwamba wenyewe, bado lipo. Hekalu la Parthenon, juu ya Acropolis, linaonekana kutoka hapo, pengine vizuri kuliko anavyoliona aliyelipa akasimama chini yake, katikati ya msongamano na vyuma vya mafundi wa ukarabati ulioanza mwaka 1975.

Kinachokera ni historia ya mteremko wa kusini wa Acropolis. Ukumbi wa michezo wa Dionysus, ambamo tamthilia za Sophocles na Euripides zilichezwa, sasa uko ndani ya uzio wa tiketi ya yuro 30. Zama zile kiti kiligharimu sarafu mbili za oboli, na dola ya Athens ikawa na mfuko, theorikon, wa kuwapa raia fedha za kiingilio ili umaskini usimzuie mtu kuona tamthilia. Baada ya demokrasia kurejeshwa mwaka 403 KK, raia walianza kulipwa hata kwa kuhudhuria mkutano wa Pnyx. Wanawake, watumwa na wageni hawakuwa na fungu humo, na kwa hilo pasipoti bado inafanya kazi ile ile: kijana wa Umoja wa Ulaya asiyezidi miaka 25 anaingia bure, wakati anayetoka nje ya Umoja amewekewa masharti magumu zaidi.

Msomaji wa Mombasa atasema hata Fort Jesus mgeni hulipa zaidi ya mwenyeji. Ni kweli, na ina mantiki, kwa sababu mwenyeji ameshachangia kwa kodi. Lakini kijana wa Finland hajalipa kodi yoyote Ugiriki kumzidi kijana wa Kampala.

Serikali inajitetea kwamba marumaru inachakaa na watu wamezidi. Hoja hiyo ina uzito: tangu Septemba 2023 wageni wamewekewa kikomo cha 20,000 kwa siku, tena kwa zamu za saa. Ila kama kikomo kipo, bei haina kazi ya kupunguza msongamano. Inachagua tu nani awe ndani yake. Serikali hiyo hiyo ilitangaza mwaka 2024 ziara za faragha nje ya saa za kawaida, yuro 5,000 kwa kundi la watu wasiozidi watano.

Inajidhoofisha pia mbele ya London. Ugiriki ina haki ya kudai sanamu za Parthenon zilizochukuliwa na watu wa Lord Elgin wa Uingereza kuanzia mwaka 1801. Lakini mwanafunzi yeyote anaziona British Museum bila kulipa, na wakosoaji wa dai hilo hawakosi kulitaja.

Dawa haihitaji sheria kubwa. Siku za bure tayari zipo, zikiwemo Machi 6, Aprili 18, Mei 18 na Oktoba 28, na mfumo wa zamu unahesabu kila kichwa. Nafasi 500 kwa siku kwa wenye vitambulisho vya wanafunzi, wa nchi yoyote, zingekuwa asilimia 2.5 ya kikomo, na miezi ya baridi nafasi nyingi ndani ya kikomo hicho hukaa tupu.