Ratiba ya Staa Siku Sita, Yako Siku Mbili: Nani Anajidanganya?

Ratiba mbili za jimu zimewagonganisha watu Insta. Ya kwanza ni ya staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, aliyeposti wiki yake ya kupiga vyuma: Jumatatu kifua, Jumanne mgongo, Jumatano miguu, Alhamisi mabega, Ijumaa mikono, Jumamosi tumbo, Jumapili kupumzika. Chini yake emoji za moto zikamwagika kama mvua. "Baba lao!" "Hii ndo nidhamu sasa." "Kesho naanza, narudi na majibu."

Ya pili ni ya mtangazaji mmoja wa kipindi cha asubuhi redioni, naye jina kapuni. Huyu dada anaamka saa 9 usiku ili saa 12 asubuhi awe hewani, ana mtoto wa chekechea, na wikiendi anashika maiki kama MC kwenye sherehe za watu. Ratiba yake ina mistari miwili tu: Jumanne mchana na Ijumaa mchana, mwili mzima, saa moja. Kwenye komenti alipigwa mawe. "Dada, hiyo jimu au pikiniki?" "Huyu anaenda kusalimia vyuma." Mmoja akamwambia bora hela ya raba angenunulia pampasi.

Kucheka wamecheka, ila wamemcheka mtu ambaye siyo. Kijana mwenye kazi, chuo, familia au biashara yake ya pembeni akitaka wa kumkopi, amkopi huyo dada.

Staa yule hajadanganya. Kwake mwili ni sehemu ya kazi: video zinamsubiri, shoo zinamsubiri, picha za matangazo zinamsubiri. Akiwa jimu saa 4 asubuhi ujue yuko kazini. Ana kocha wa kumhesabia, ana mtu wa kumpikia, na akirudi hom analala. Siku sita kwa maisha ya hivyo zinawezekana, na kwa mtu aliyeanza vyuma miaka mingi nyuma zinasaidia kuigawa kazi isimlemee siku moja.

Sasa mchukue kijana anayekaa Mbagala na kuuza simu Kariakoo. Saa 11 alfajiri yuko kituoni. Duka linafungwa saa 12 jioni, foleni ya Barabara ya Kilwa inamla, mtaani anaingia saa 2 usiku. Akienda jimu, atatoka karibu saa 4. Aoge, ale, apitie simu kidogo, tayari saa 5 na ushee, na saa 10 na nusu alarm inamwita. Hiyo mara sita kwa wiki! Wiki ya kwanza ataenda kwa mzuka wa raba mpya. Ya pili atajikongoja. Ya tatu ada ya mwezi inabaki jimu, yeye anabaki kitandani anajiita mvivu.

Hapo ndipo pabaya penyewe. Ratiba ndiyo imemshinda, lakini yeye anaamini tatizo ni yeye. Mtu akishajiaminisha kwamba hana nidhamu, anaacha vyuma moja kwa moja, au anaangukia kwa wale wauza vidonge na sindano za kujaza mwili wanaojazana inbox. Dawa zile za homoni zinazotumika kienyeji zinaumiza moyo, ini na hata uwezo wa kupata mtoto. Mwili wa kukopi unaweza kuja na deni kubwa.

Ratiba ya staa ina udhaifu mwingine ambao wengi hawauoni. Kila sehemu ya mwili inapata siku moja tu. Sasa Jumatano ya miguu ikiangukia siku ya kuhesabu mzigo dukani, miguu inasubiri mpaka Jumatano ijayo. Zinapita wiki mbili hazijaguswa. Mwenye ratiba ya mwili mzima siku tatu akikosa siku moja, kila msuli bado umepigwa mara mbili wiki hiyo. Akikosa mbili, bado umepigwa mara moja, sawa na staa ambaye hakukosa hata siku.

Na msuli wenyewe hauhitaji kusumbuliwa kila siku. Baada ya kupiga vyuma, unaendelea kujitengeneza kwa siku moja hadi mbili hivi, na kazi hiyo inahitaji msosi na usingizi. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli yote mikubwa angalau siku 2 kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kama kutembea haraka. Dada wa redio aliyeitwa wa pikiniki tayari ametimiza hesabu ya vyuma. Mwenye haja ya kuongezeka mwili zaidi ataweka ya tatu, na hapo kwa mtu anayeanza ameshiba kabisa.

Hiyo saa moja inajaa vizuri tu. Skwati, kusukuma chuma ukiwa umelala kwenye benchi, kunyanyua chuma kutoka chini, kuvuta chuma kuelekea tumboni, kusukuma chuma juu ya kichwa. Seti 3 kila moja, marudio 8 hadi 12, mapumziko ya dakika mbili bila kufungua TikTok. Uzito unaongezwa kidogo kidogo kila mwili unapozoea. Anayeondoka jimu baada ya saa mbili mara nyingi nusu ya muda aliutumia kujipiga picha kwenye kioo.

Kupanga siku nako kunataka ukweli. Watu wengi wanaandika ratiba wakiifikiria wiki yao nzuri kuliko zote: hakuna msiba, hakuna mtihani, bosi kasafiri. Ipangwe kwa kuitazama wiki mbaya. Anayecheza ndondo Jumapili asiweke skwati nzito Jumamosi jioni. Mwenye mazoezi ya kwaya Jumatano na Ijumaa achukue Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi. Mama mwenye watoto wadogo achukue siku mbili ambazo kuna mtu wa kubaki nao, basi. Mwezi wa Ramadhani mfungaji anaweza kusogeza vyuma baada ya futari na kupunguza seti, kwa sababu kulinda misuli iliyokwisha kujengwa ni kazi ndogo kuliko kuijenga. Na wiki ikikaa vizuri, siku ya ziada iwe zawadi, isiwe deni.

Wapo watakaosema huku ni kubembeleza uvivu. "Anayetaka kitu hupata muda," ndo wimbo wao. Sawa, ila muda huo unakatwa kwenye nini? Wengi wanaukata kwenye usingizi, halafu wanashangaa vyuma haviongezeki na kazini wanasinzia. Nidhamu ipimwe kwa miezi. Siku mbili kwa wiki bila kukosa, mwaka mzima, ni mara 104. Yule wa siku sita aliyeacha wiki ya tatu hata mara 18 hajafikisha.

Staa aendelee kuposti, ni kazi yake na mwili anao. Lakini wale waliomcheka dada wa redio wangeanza kwa kuangalia kadi zao za jimu wahesabu mara ngapi wameingia mwezi huu. Yeye ameshazoea kuchekwa, na Ijumaa mchana atakuwepo.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kwenye wiki yako mbaya kuliko zote, unaweza siku ngapi za vyuma? Semeni ukweli, hapa hakuna kocha.