Mbwa aliyeokotwa na watoto, na gharama ya kumfunga kizazi

Aliingia nyumbani ndani ya begi la shule. Mtoto wa darasa la tatu alimkuta kwenye mtaro karibu na kituo cha daladala, amelowa na anatetemeka, akamweka juu ya madaftari na kumpeleka kwa mama yake, Goba, Dar es Salaam. Mama alikataa. Jioni baba naye alikataa. Kulipokucha mbwa alikuwa amelala kwenye boksi nyuma ya jiko, na tayari alikuwa na jina: Popi.

Nyumba nyingi hupata mbwa kwa njia hiyo. Hakununuliwa wala hakupangwa. Ameokotwa, na kwa kuwa ni jike, kuna uwezekano mkubwa kwamba ndiyo sababu alitupwa.

Mwaka mmoja baadaye Popi alizaa watoto sita. Wawili walipata wa kuwachukua. Mmoja aligongwa na bodaboda mbele ya geti. Watatu waliobaki walianza kula dona na vichwa vya dagaa kama watu wazima, na usiku mmoja baba akawatia kwenye kiroba na kwenda kuwaacha mbali. Asubuhi yule mtoto aliuliza wako wapi. Hakujibiwa. Hakuuliza tena, na hilo ndilo lililomsumbua mama yake kuliko maswali.

Mbwa jike kwa kawaida huingia kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, mara ya kwanza akiwa na umri wa miezi 6 hadi 12, na baada ya hapo takriban mara 2 kwa mwaka. Mimba yake ni ya siku 63 hivi. Familia ikisema "tutalifikiria baadaye", ijue kuwa baadaye haiko mbali. Mama huyo alipohesabu kwenye kalenda ya ukutani aliona ana miezi michache tu kabla ya kiroba kingine.

Kliniki ya kwanza aliyoipigia simu ilimtajia bei iliyomfanya aage haraka. Ilikaribia michango ya shule ya watoto wawili kwa muhula. Alidhani anaonewa, lakini hakuwa anaonewa. Kumfunga jike kizazi ni upasuaji kamili. Tumbo hufunguliwa, ovari na mfuko wa uzazi hutolewa, kisha hushonwa tabaka kwa tabaka. Mbwa huchomwa sindano ya nusukaputi, na kipimo chake hufuata uzito, ndiyo maana mbwa mkubwa humgharimu mwenyewe zaidi. Kumhasi dume ni kazi fupi na ya bei nafuu kwa sababu tumbo halifunguliwi.

Hata hivyo, ndani ya bei ile kuna kitu ambacho mzazi anaweza kukipunguza. Safari ya daktari, msaidizi wake, muda wa kuandaa meza na kuchemsha vifaa ni gharama zinazolipwa hata kama mbwa ni mmoja. Wakiwa wanane, zinagawanyika. Dawa na nyuzi hazigawanyiki, na mtu asitake zigawanyike.

Mama wa Goba hakuligundua hilo mara moja. Kwanza alipewa ushauri wa mtaani, ambao ni wa bure na ndio ghali kuliko wote.

Mmoja alimwambia amchome sindano ya uzazi wa mpango, ile ile ya wanawake, kwa sababu haina upasuaji na duka la dawa liko jirani. Sindano hizo huweza kumzuia mbwa asiingie kwenye joto, lakini pia humweka kwenye hatari ya mfuko wa uzazi kujaa usaha na ya uvimbe wa matiti. Usaha ukijaa, mbwa hufa au hufanyiwa upasuaji ule ule uliokwepwa, safari hii akiwa mgonjwa na bei ikiwa imepanda.

Mwingine alimtajia mzee anayehasi mbuzi na madume ya ng'ombe, mwenye koleo lake, anayekuja kwa baiskeli. Mzee huyo anaijua kazi yake, lakini kazi yake si mbwa. Koleo haliwezi kumfunga jike kizazi, na kumkata mbwa dume akiwa macho, huku ameshikiliwa na vijana wanne, ni ukatili ambao Tanzania ina sheria dhidi yake tangu 2008, Sheria ya Ustawi wa Wanyama. Watoto nao wanatazama.

Wa tatu alisema mbwa lazima azae angalau mara moja ndipo awe na afya. Hakuna faida ya kiafya inayojulikana katika hilo. Kinyume chake, jike anayefungwa kizazi mapema ana uwezekano mdogo wa kupata uvimbe wa matiti uzeeni. Yapo pia maneno ya akina baba, kwamba dume akihasiwa hatabweka tena na wezi watazoea. Mbwa hulinda kwa sababu ya eneo lake na watu wake. Anachopoteza ni hamu ya kuruka ukuta kufuata majike, na pamoja nayo sehemu kubwa ya vidonda vya kugombania majike na ajali za barabarani.

Njia ya kweli ilianzia ofisi ya kata. Afisa mifugo wa kata huwa anajua nani ni daktari wa mifugo mwenye usajili katika eneo lake, na anajua kama halmashauri ina kampeni yoyote inayokuja. Aghalabu kampeni huwa ni za chanjo, hasa kuelekea Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, lakini ni siku ambayo madaktari wanapatikana na mzazi anaweza kuuliza ana kwa ana. Kwa walio Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina hospitali ya wanyama ambako wanafunzi hujifunza chini ya walimu wao. Inafaa kuulizia gharama zake kabla ya kukata tamaa. Upande wa Arusha, kituo cha Mbwa wa Africa kilichopo Usa River kimejikita katika mbwa wa aina hii hii, wale wa mtaroni. Kwa wasomaji walio Nairobi, KSPCA ni jina la zamani katika kazi hiyo.

Dar es Salaam ni kubwa na Goba iko pembeni. Afisa mifugo alimpa mama namba ya daktari mmoja, na daktari akauliza swali moja lililobadilisha kila kitu: "Mna mbwa wangapi mtaani kwenu?"

Kundi la WhatsApp la mtaa, ambalo kwa kawaida ni la kuulizia umeme umekatika kwa nani, likapata kazi mpya. Siku ya kwanza walijitokeza wenye mbwa watatu. Siku ya pili kukawa na utani mwingi usioandikika kwenye ukurasa wa familia. Wiki ilipoisha walikuwa tisa. Akina mama waliokuwa na upatu wao wa kila Jumapili walipendekeza jambo rahisi: kila mwenye mbwa adunduliza kidogo kidogo kwa wiki 8 kwa mtunza hazina yule yule wa upatu, na asiyefikisha aazimwe. Bei ya kila mbwa, baada ya daktari kuhesabu safari moja badala ya tisa, ilishuka hadi mahali ambapo watu waliacha kuguna.

Familia mbili zisizofuga mbwa, moja kwa sababu za dini, nazo zilichangia. Hoja yao haikuwa upendo kwa mbwa. Watoto wao hupita njia ile ile kwenda shule na madrasa. Karibu vifo vyote vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa, asilimia 99 kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, huanzia kwa mbwa, na watoto chini ya miaka 15 ni takriban asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kufunga kizazi hakumkingi mbwa na kichaa, chanjo ndiyo inayomkinga, kwa hiyo walikubaliana kila mbwa achanjwe siku hiyo hiyo. Kizazi kikifungwa, idadi ya mbwa wasiochanjwa wanaozaliwa mtaani inapungua, na chanjo ya mwaka huu haifutwi na watoto wa mwaka ujao. (Mtoto aking'atwa, kwa mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Si kesho.)

Palikuwa na mabishano kuhusu nani aanze. Fedha zilitosha mbwa saba kwanza. Wenye madume walitaka usawa. Daktari alisema majike yatangulie, na alikuwa sahihi: mtaa ukihasi madume sita na kumwacha mmoja, huyo mmoja anatosha kuwapa mimba majike wote. Kila jike aliyefungwa ni hesabu iliyofungwa. Familia yenye mbwa wawili na fedha ya mmoja isijiulize mara mbili.

Maswali ambayo mama alimuuliza daktari kabla ya kulipa hata shilingi yanafaa kunakiliwa. Amesajiliwa na Baraza la Veterinari? Bei inajumuisha dawa ya maumivu na antibiotiki, au hizo ni nyongeza? Kila mbwa ana seti yake ya vifaa vilivyochemshwa? Nani atakaa na mbwa mpaka aamke? Nyuzi zitatolewa na nani, na kwa bei gani? Daktari asiyependa maswali hayo ni nafuu kumwacha, hata akiwa wa bei ya chini. Yule alijibu yote, na kwa swali la nyuzi alikiri alikuwa amesahau kuliingiza kwenye bei, akalimaliza bila nyongeza.

Mbwa hawakupewa chakula tangu usiku, ili wasitapike wakiwa kwenye usingizi wa dawa. Hapo ndipo watoto walipokuwa na kazi, kwa sababu ni wao wanaowarushia mbwa makombo mezani. Mtoto wa Popi aliandika karatasi "USIMPE" na kuibandika kwenye mlango wa jiko.

Jumamosi hiyo, kwenye gereji ya jirani iliyodekiwa mara mbili, mambo hayakwenda yote kama yalivyopangwa. Jike mmoja alikutwa yuko kwenye joto. Daktari alimwahirisha, kwa sababu mishipa ya damu wakati huo huwa imejaa na kutokwa damu ni kwingi. Mwingine alikuwa na mimba changa bila mwenyewe kujua, na mazungumzo yakawa marefu, mwishowe mwenye mbwa akaomba aende kufikiri. Mzee mmoja, baada ya kuchangia wiki 8, alimshika dume wake kamba, akamtazama, akarudi naye nyumbani. Fedha yake ilimlipia mbwa wa mlinzi wa shule.

Popi alikuwa wa tatu. Alirudi mchana amebebwa kwenye shuka, ulimi nje, macho yamefumba nusu, na yule mtoto alilia kwa sababu alidhani amekufa. Mama anasema hilo ndilo kosa lake: alimwandaa mbwa, hakumwandaa mwanawe. Mtoto aambiwe mapema kwamba mbwa atalegea, ataweza kujikojolea, atatetemeka, na kwamba ataamka. Aambiwe pia kwa nini inafanyika, kwa maneno yanayolingana na umri wake. Mtoto wa miaka 9 aliyeona watoto watatu wa mbwa wakitoweka usiku hahitaji hadithi.

Siku zilizofuata zilikuwa za kumzuia Popi asijilambe. Kola ya plastiki haikupatikana kwa haraka, ikatumika fulana ya zamani ya mtoto, miguu ya mbele kwenye mikono, upande wa nyuma umefungwa fundo mgongoni. Hakuogeshwa wala hakuachwa akimbie kwa siku 10, akalazwa pakavu, na kila asubuhi mshono uliangaliwa. Wekundu kidogo ni kawaida. Usaha, harufu, uvimbe unaokua, au mbwa asiyekula baada ya siku ya pili ni simu kwa daktari. Wenye madume nao walikumbushwa kwamba dume aliyehasiwa huweza bado kumpa jike mimba kwa wiki kadhaa, kwa hiyo asifunguliwe siku hiyo hiyo kama aliyemaliza kazi.

Nyuzi za Popi zilitolewa siku ya 12. Baba ndiye aliyemshika. Mtoto alisimama pembeni akihesabu nyuzi kwa sauti, na alipofika ya mwisho akamuuliza baba yake, kwa mara ya kwanza tangu usiku ule, wale watatu aliwaacha wapi. Baba alimwambia. Jumapili walikwenda pamoja mahali hapo, hawakuwakuta, wakaacha sahani ya dona na kurudi.

Upatu wa mbwa umeendelea. Yule jike aliyekuwa kwenye joto yuko kwenye orodha ya mwezi ujao, na mzee aliyerudi nyumbani na dume wake ameuliza kama nafasi yake bado ipo.