Moyo una nafuu, miguu imekufa



Mwezi uliopita tulialikwa arusini Thika kwa jamaa zetu, na wakati wa kurudi tukapita Ruiru kumzuru shangazi yetu, mwanamke wa pwani aliyewafuata wanawe bara. Tulimkuta kitandani. Daktari alikwisha kumwambia kuwa moyo wake umedhoofika, hausukumi damu ipasavyo, kwa ajili ya presha aliyokaa nayo miaka mingi bila tiba. Dawa anameza. Ila tangu siku ile haachwi ainuke: chai huletewa, maji ya udhu huletewa, hata msalani hushikwa mikono miwili. "Mwanangu," alituambia, "moyo una nafuu, miguu ndiyo imekufa."

Wakaza wanawe hawakufanya hayo kwa ubaya. Zamani hata matabibu waliamuru mgonjwa wa moyo alale tu. Leo wajua kuwa misuli isiyotumika hukonda upesi, na mgonjwa hutweta si kwa udhaifu wa moyo peke yake, bali pia kwa miguu iliyonyauka. Kwa hiyo ambaye maradhi yake yametulia huamriwa atembee kwa kadiri atakayopangiwa.

Wala tusidhani haya ni maradhi ya vikongwe. Utafiti wa nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwamo, uliochapishwa mwaka 2012, ulihusu wagonjwa 1,006. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, nusu yao wanawake, na sababu iliyoongoza ni presha.

Lakini yuko asiyeweza hata hatua kumi. Kwa huyo madaktari wamejaribu mashine ndogo ya umeme, yenye nyaya na vibandiko vinavyowekwa mapajani na kwenye mashavu ya miguu. Umeme wake ni mdogo. Huifanya misuli ikaze na kulegea, mwenyewe ameketi. Mwaka 2003 madaktari wa Edinburgh, Uskoti, walichapisha utafiti wa wagonjwa 46: baadhi waliendesha baiskeli ya mazoezi, wengine walitumia umeme nyumbani. Baada ya wiki sita makundi yote mawili yalitembea mbali zaidi kuliko mwanzo. Watu 46 ni wachache, na umeme huo hautibu moyo wenyewe wala haushiki nafasi ya dawa. Awezaye kutembea, na atembee.

Tumeyasema haya kwa sababu mjukuu wa shangazi alikwisha kununua mashine ya namna hiyo mtandaoni, iliyotangazwa kuwa huyeyusha kitambi! Tuliomba isiwashwe. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani asiiguse kabisa bila idhini ya daktari wake wa moyo, kwani umeme huo waweza kukivuruga. Mjamzito vilevile, na mwenye damu iliyoganda mguuni. Na hayo mgonjwa hawezi kuyajua kwa kujitazama.

Akina mama hupenda kutuuliza juu ya sitara na tohara. Mahali pa vibandiko ni uchi wa mwanamke. Basi na atafutwe mtaalamu wa kike wa tiba ya viungo, naye amfundishe binti wa mgonjwa kuvibandika. Kibandiko cha pajani hakizuii udhu, kwani udhu hauoshi paja. Josho la faradhi ndilo linalotaka kiondolewe na gundi yake ioshwe.

Jumatatu yake wakampeleka hospitali mjini Thika. Mtaalamu wa viungo, mwanamke, alimpima akaona miguu ingali na uhai: ainuke kitini mara tano asubuhi, mara tano jioni, kisha aongeze. Mashine imewekwa kabatini. Wakaza wana wameambiwa wasimame karibu naye, wasimshike.

Juzi katupigia simu. Rakaa mbili za mwanzo za alasiri kazisali amesimama, zilizobaki ameketi.