Elimu ya uraia isingoje mafuriko

Watafsiri wa vitabu vya Ulaya hulitumia neno letu 'vuli' kuyataja majira ambapo kule majani hupukutika na siku kufupika. Kwetu vuli ni mvua za Oktoba hadi Disemba, na mijini dalili zake zajulikana. Nauli ya matatu hupanda kabla ya tone la kwanza kuanguka, mitaro iliyosheheni takataka hutapika, na watoto wa shule huvuka barabara wakiwa na viatu mkononi. Hapo ndipo lalama ile ile husikika katika kila kituo cha magari: "Serikali imetutupa!"

Serikali ipi? Swali hili si la mzaha. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilizigawa kazi za serikali. Jedwali lake la Nne laeleza bayana kwamba mitaro ya maji ya mvua mijini, uzoaji wa taka na taa za barabarani ni wajibu wa kaunti. Hata hivyo, mwulize kijana aliyehitimu kidato cha nne ni nani apaswaye kushughulikia mtaro ulioziba mbele ya nyumba yao. Nachelea kwamba wengi watamtaja Rais, wengine mbunge, na wachache mno watalikumbuka bunge la kaunti.

La kusikitisha zaidi ni kuwa mtaro unaofurika Novemba haukuharibika Novemba. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 yaitaka kila kaunti iwasilishe mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata kufikia Septemba mosi, na makadirio ya matumizi kufikia mwisho wa Aprili. Katika safari hiyo ya miezi minane mwananchi ana haki ya kusikizwa. Aliyenyamaza Februari akaja kupiga kelele Novemba amewahi mvua, lakini amechelewa bajeti.

Sisi tunaofundisha isimu twajua kwamba maneno hubeba historia. 'Raia' ni neno la asili ya Kiarabu, na huko lilikotoka liliwataja wanaochungwa: kwanza kundi la mifugo, kisha watu walio chini ya mtawala. Hata leo askari akitamka 'raia', aghalabu humaanisha mtu asiye na bunduki wala cheo. Kifungu cha kwanza cha Katiba yetu kimeipindua maana hiyo: mamlaka yote ni ya wananchi, na viongozi wamekabidhiwa tu. Lakini maana mpya haikiti katika lugha kwa kuandikwa kitabuni. Hukita kwa matumizi ya kila siku, vinywani mwa watu. Uraia nao ni vivyo hivyo.

Je, shule zetu zimetenda nini? Kwa miaka mingi ya mfumo wa 8-4-4, Uraia ulifungwa pamoja na Jiografia na Historia katika mtihani wa darasa la nane. Mtoto alikariri sifa za raia mwema kama alivyokariri majina ya milima, akazimimina kwenye karatasi, kisha akazisahau. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Mtaala mpya umeuweka uraia miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, na hilo ni jambo la kupongezwa. Ila kuutaja uraia si kuufundisha.

Wahenga walinena kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Juni 2024 vijana wetu waliuchambua Mswada wa Fedha wenyewe, wakaufasiri kwa Kiswahili na kwa lugha za mama, wakaueneza kwa simu. Hiyo ilikuwa kazi ya taasisi za umma na ya wasomi, nasi hatukuifanya. Rais alikataa kuutia sahihi mswada huo, lakini maandamano yaligharimu maisha ya makumi ya watu, wengi wao vijana. Taifa lenye busara haliiachi barabara iwe darasa la uraia, kwani karo yake ni damu.

Wapo walimu watakaosema kwamba uraia ni siasa, na mwalimu anayemtaja gavana darasani ataitwa mpinzani. Hofu hii ina mizizi. Waliofundisha kabla ya kifungu cha 2A kuondolewa, Disemba 1991, wanakumbuka jinsi neno moja lilivyoweza kumponza mtu. Hata hivyo, kumfundisha mtoto kuisoma bajeti si kumwagiza ampigie nani kura, kama ambavyo kumfundisha sarufi si kumwamuru aseme nini.

Nini kifanywe? Kwanza, kaunti zitekeleze Sehemu ya Kumi ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, ambayo inazitaka ziwape wananchi elimu ya uraia. Pili, makadirio ya bajeti yaandikwe pia kwa Kiswahili sanifu na chepesi. Katiba imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, nayo haki isiyoeleweka ni sawa na haki iliyofichwa.

Tatu, mwalimu mwenzangu, watoe wanafunzi nje wakauone mtaro ulio karibu na shule. Watafute ni wa nani, ulitengewa fedha gani, na ni lini wananchi waliitwa kutoa maoni. Kisha wamwandikie mwakilishi wa wadi barua rasmi, wangoje jibu, na wajadili darasani jibu hilo au kimya chake. Hapo watakuwa wamejifunza insha na uraia kwa pamoja. Samaki hukunjwa angali mbichi, na barua hiyo inafaa iandikwe kabla ya Februari.