Saa nane ya usiku, telefone ndiyo inasikiliza



Siku ya posho iliyopita, tulipomaliza kuhesabu pesa za likelemba, mmoja wetu alibaki ameketi. Tukamuuliza: mama, kuna nini? Akasema alishika telefone ya binti yake wa miaka 16 ili atazame saa, akakuta mazungumzo marefu kwa Kifaransa. Mtoto alikuwa ameandika tangu saa nane ya usiku: usingizi umekataa tangu baba alipoondoka, shule inamshinda, anaona hana maana tena nyumbani. Aliyemjibu hakuwa rafiki wa shule wala kijana wa mtaani. Ilikuwa mashine, ile akili bandia ambayo watoto wetu wanaita IA.

“Tunalala nyumba moja,” mama akasema, “na telefone ndiyo ilijua habari ya mtoto wangu mbele yangu.”

Wengine wetu walisema anyang'anywe telefone leo leo. Sisi tunaoandika ukurasa huu hatukukubali.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1966, kule Marekani, Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alitengeneza programu iliyoitwa ELIZA. Ilikuwa inageuza tu maneno yako kuwa ulizo. Ukisema una huzuni juu ya mume wako, inakuuliza habari za mume wako. Haikufahamu kitu. Hata hivyo karani wake mwenyewe, aliyeona namna kazi ilivyofanywa, alipoanza kuzungumza nayo alimwomba Weizenbaum atoke chumbani. Mtu akipata kitu kinachomuuliza “unajisikiaje?”, moyo unafunguka, hata kama upande wa pili hakuna mtu.

Programu za leo zinajua mengi zaidi, na zimekwisha kusaidia watu. Mwaka 2025 watafiti wa chuo cha Dartmouth walitoa matokeo ya programu yao, Therabot, waliyoijaribu na watu wazima 210. Kwa wale wenye ugonjwa wa huzuni walioitumia, dalili zilipungua kwa wastani wa 51 kwa mia. Ni habari njema, hatutaificha. Lakini Therabot ilitengenezwa kwa kazi hiyo moja, na watafiti walikuwa wanafuatilia mazungumzo, tayari kuingilia kati. Ile iliyo katika telefone ya binti yetu ni ya kila kazi, kuanzia hesabu za shule mpaka barua ya kuomba kazi. Hakuna muganga anayekaa nyuma yake usiku.

Tena inapenda kukubali. Mwezi wa nne wa 2025, kampuni ya OpenAI ililazimika kuondoa toleo moja la ChatGPT kwa sababu lilikuwa linasifu watu na kuitikia kila neno. Dada yako atakuambia acha upuuzi, njoo tule. Mashine inaweza kukuitikia mpaka asubuhi. Kwa mtu anayewaza kufa, huko kuitikiwa ni hatari.

Na lugha? Tulijaribu wenyewe, kwa telefone ya mmoja wetu. Tukaandika: moyo unaniuma, mawazo imenizidi. Ikatuambia twende hospitali tupimwe moyo! Tulicheka sana. Tulipoandika kwa Kifaransa ilijibu vizuri zaidi, lakini ni wangapi kati yetu wanaolia kwa Kifaransa?

Siri nayo si siri kamili. Mkubwa wa OpenAI, Sam Altman, alisema mwenyewe katika 2025 kwamba maneno unayoiambia ChatGPT hayana ulinzi wa sheria kama yale unayomwambia daktari au avoka. Basi majina, na habari za nani alikufanyia nini, msiandike humo.

Sasa tuseme na upande wetu, kwa maana ndio unaouma. Mama yule alimuuliza binti kwa upole: kwa nini hukuniambia? Mtoto akajibu: “Mama, nikikuambia, siku ya Mungu wamama wote watajua.” Tulinyamaza. Mashine haipeleki habari kwenye bomba la maji. Sisi tunapeleka, tena tunaongeza chumvi.

Huko Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Walifundishwa kuketi kwenye benchi pamoja na mtu mwenye kile wanachoita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Utafiti uliotolewa 2016 ulionyesha kwamba walioketi na bibi hao walipona vizuri kuliko waliopata matunzo ya kawaida. Ni bibi tu, si waganga. Lakini walifundishwa kusikiliza. Hilo hata kikundi chetu kinaweza kujifunza, na tungependa lianze na sheria moja: neno lililosemwa kwenye benchi halivuki mlango.

Kwa mama anayekuta maneno kama yale: usipige, usisome yote kwa sauti mbele ya ndugu zake. Muulize wazi kama anawaza kufa. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Akisema ndiyo, asibaki peke yake hata usiku mmoja. Ondoa nyumbani dawa na sumu ya panya, umpeleke kituo cha afya. Goma kuna Tulizo Letu, Bukavu kuna SOSAME, wanapokea wagonjwa wa namna hiyo. Kwenda huko si kuitwa kichaa.

Telefone ya binti haikunyang'anywa. Jioni anatwanga sombe pamoja na mama yake, wawili tu, wadogo wakiwa nje. Amekwisha kumwambia mambo mawili. Hatukuuliza ni yapi.